Gauni la Mtu Asiyetajwa

Tone la rangi ya bluu lilimdondokea fundi cherehani begani, mlangoni mwa duka la vitambaa, saa watu wanapokanyagana. Akainua macho. Juu ya ngazi alikuwapo mchora mabango, mrefu, shati limejaa madoa, brashi mkononi.

"Samahani, dada."

"Samahani inafua?"

"Haifui. Nitafua mimi."

Gauni lenyewe la manjano, limemkaa kiunoni kama amemwagiwa. Kesho yake kijana akaja kulichukua, akalifua kweli. Doa likagoma kutoka, naye akapata sababu ya kurudi kila jioni.

Wakazoeana. Akija na chai, fundi anasogeza vitambaa, benchi linapata nafasi. Hakuna aliyesema "karibu," wala aliyesema "mimi ni wako." Wateja wakimwita shemeji, hakatai, na fundi hakatai. Mambo yakawa yamekubalika hivyo hivyo, kimyakimya. Kwa chai na benchi, kimya kinatosha. Ubaya wake, kila mtu hukijaza anachotaka.

Siku moja mchora mabango akaja na kitambaa cheupe, laini, kinateleza mkononi.

"Nishonee gauni la harusi, mpenzi."

Cherehani ikanyamaza. "La nani?"

Akacheka, akaangalia viatu vyake. "Wewe nawe kwa utani. Vipimo unavijua."

"Ana mwili kama wangu?"

"Huo huo."

Akaondoka anapiga mbinja. Jirani yake fundi, muuza vifungo, alikuwa amesikia yote, maana ndiyo kazi yake ya pili.

"Shoga, unamshonea mwenzio hivyo. Hukuona bango la shule ya chekechea? Bango dogo kama sinia, analiendea kila siku. Kuna mwalimu pale."

Fundi akapiga simu papo hapo.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Chekechea, namalizia bango."

"Mbona kuna mwanamke anacheka?"

"Mwalimu huyo. Nimejimwagia kopo la rangi."

"Kiuno chake kikoje?"

"Kiuno cha nani?"

"Basi, fanya kazi."

Gauni alilishona, na alilishona vizuri, sifa yake asiiharibu. Ila kiuno alikipunguza, na mbavu akazibana kwa mshono wa pili. Avae huyo bibi harusi, tuone atapata wapi pumzi ya kusema nakubali.

Mwanaume alipolifuata, shati limepigwa pasi, nywele zimechanwa, akalitazama mpaka macho yakalowa.

"Livae nikuone."

"Nivae gauni la mwenzangu?"

"Mwenzako yupi?"

"Mwalimu wako wa chekechea."

"Yule ana wajukuu, mpenzi. Gauni ni lako. Si tulishakubaliana?"

"Lini? Kwa mdomo gani?"

"Watu wote hapa wananiita shemeji. Ulinyamaza, nikajua umekubali."

"Nilinyamaza nikingoja uniulize. Ndoa si benchi, bwana, kwamba mtu akinyamaza ushakaa. Kutwa unaandika maneno ya watu ukutani, la kwako moja limekushinda?"

Fundi akalinyakua gauni, akaingia nyuma ya pazia, muuza vifungo nyuma yake. Zikasikika kelele za kuvutana. Alipotoka, alisimama wima kama nguzo ya umeme, mweupe kutoka shingoni hadi miguuni, mzuri wa kutisha. Wateja wakaacha kuulizia vitambaa.

Mchora mabango akameza mate. "Fundi, nataka nikuoe. Nakuuliza mbele ya watu. Unanikubali?"

Kimya.

Akangoja. Jasho likamtoka. "Mama, kimya hicho sasa nikielewe vipi?"

"Usikielewe chochote," fundi akasema kwa kisauti chembamba, midomo haitikisiki. "Shoga, nishushie zipu, nipate pumzi ya kumjibu."