Ukuta wa Darasa la Tatu

Kila asubuhi nakaanga akara, yaani bagia za kunde, kando ya barabara, hapa Umuezike. Wateja wangu wa kwanza ni watoto wa shule. Wananiita Mama Somto, kwa jina la binti yangu.

Mwaka ule Somto alipokuwa akiingia darasa la tatu, sikuweza kuwatazama watoto hao bila hofu. Ukuta wa darasa la tatu ulikuwa na ufa, na kiganja changu kizima kiliingia ndani yake. Mvua ikinyesha, moyo ulinienda mbio. Shule ilikuwa likizo, lakini Septemba ingefunguliwa, na mvua zingali zinanyesha.

Wanaume walikuwa wameandika barua tatu kwenda Abuja.

"Shemeji yangu yuko wizarani," alisema Ichie Anyaegbu, mzee wa cheo na mwenyekiti wa kamati ya shule. "Pesa ziko kwa serikali kuu. Tulieni!"

Tulikuwa tumetulia miaka miwili. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Agosti wanawake wa Umuezike wanaoishi mijini walirudi kwa mkutano wetu wa kila mwaka. Mmoja wao, Madamu Uzoamaka, hufanya kazi katika ofisi ya elimu ya jimbo. Nikasimama, nikaeleza habari ya ufa.

"Barua mlipeleka wapi?" akauliza.

"Abuja."

"Nani kawatuma huko? Shule ya msingi ni ya jimbo na halmashauri. Abuja husaidia tu. Imetenga fungu, lakini halitoki mpaka jimbo litoe fungu lake, sawa kwa sawa, na lipeleke orodha ya shule za kujengwa."

"Na sisi tumo?"

"Hammo. Kamati ya shule hujaza fomu, mwenyekiti akatia sahihi. Mwisho ni Ijumaa hii. Na watoto msiwarudishe mle hata siku moja. Ombeni ukumbi wa kanisa."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Tukaenda kwa Ichie na fomu aliyotupa Madamu Uzoamaka.

"Nimruke shemeji yangu?" alifoka. "Tangu lini wanawake wakaandika barua kwa niaba ya mji? Rudini jikoni!"

Kwetu, mwanamume akizidi ukaidi, wanawake "humkalia": hupiga kambi uani kwake na kumwimba mpaka akubali. Tulivaa vitenge vyetu vya sare, tukajaa uani kwake, zaidi ya mia moja. Tukauimba ukaidi wake mpaka majirani wakapanda juu ya kuta kusikiliza. Mke wake naye alikuwa katikati yetu, anapiga makofi.

"Hata wewe, Nwanyibuife?" Ichie akamuuliza.

"Hata mimi. Leo kapike mwenyewe!"

Alhamisi alasiri mvua kubwa ikaanza. Nyimbo zikakatika. Kila mmoja wetu aliwaza jambo lile lile. Nikamsogelea Ichie.

"Baba, Septemba Somto atakaa chini ya ufa ule. Wewe niambie tu, nije siku gani kumtoa chini ya matofali?"

Ichie akaomba kalamu. Akaitia fomu sahihi palepale.

Ijumaa asubuhi Madamu Uzoamaka aliifikisha fomu. Septemba watoto walianza masomo katika ukumbi wa kanisa. Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, nilisikia kishindo kutoka shuleni. Nilijua kabisa watoto hawakuwa mle. Hata hivyo nilikimbia pekupeku, nikaacha mafuta motoni.

Ukuta wote ulikuwa chini, na madawati yamepondeka. Nilipiga magoti matopeni, nikalia. Ichie alikuja, akasimama kando yangu. Akaivua kofia yake nyekundu, na mzee wa cheo haivui hadharani ovyo.

Jimbo lilikuwa bado halijatoa fungu lake. Safari hii Ichie alitangulia mwenyewe. Tulikwenda naye makao makuu ya jimbo mara nne, na kila mara tuliuliza swali moja: "Fungu lenu mmeweka?" Mara ya nne wakasema ndiyo, na fungu la Abuja likatoka. Kiangazi mafundi wakaja.

Mvua za mwaka uliofuata zilinyesha watoto wakiwa darasani, na mimi niliendelea kukaanga.