Mafundo Kumi na Matatu

Nyumbani kwao meza ilikuwa moja tu, na siku za kazi ilikuwa na zamu zake. Asubuhi ilikuwa ya chai. Mama alipokwenda kliniki ya meno, alikokuwa karani wa mapokezi, na baba, fundi umeme, alipobeba ngazi yake na kutoka, meza ilipumzika. Saa tisa na nusu ilikuwa ya madaftari. Madaftari yakiondoka, mama hutandaza taulo jeupe na kuweka lulu juu yake. Saa moja sufuria likifika, lulu hurudi koponi, kazi imekwisha haijaisha.

"Meza hii ina wenyewe watatu," baba hupenda kusema, "na mwenye njaa ndiye wa mwisho."

Mama alitengeneza vidani, hereni na bangili za lulu kwa mkono wake. Msaidizi wake alikuwa binti yake mwenye miaka kumi na miwili. Mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika, lakini vidole navyo vilikuwa vyepesi. Mama alikuwa amemfundisha kufunga fundo dogo la uzi wa hariri baada ya kila lulu, akilisukuma kwa ncha ya sindano mpaka likabane.

"Kwa nini tusizitunge tu kama shanga?" Chiriku aliwahi kuuliza.

"Zikisuguana zinachubuka. Tena uzi ukikatika, inadondoka lulu moja tu. Bila mafundo zinamwagika zote, utazitafuta mpaka chini ya kabati."

Wiki hiyo mama alikuwa amepokea kazi tatu, moja zaidi ya kawaida yake. Ya tatu ilikuwa ya jirani yao mshonaji, aliyejulikana kwa jina la Mama Cherehani. Alileta kidani cha marehemu mama yake, lulu arobaini na saba, uzi wake umechakaa. Ijumaa binti yake angehitimu masomo ya uuguzi, naye alitaka kukivaa kwenye mahafali.

"Cha mama nimebaki na hiki tu," alisema, akikikabidhi kwa mikono miwili. "Nimekuachia wewe."

Jumatatu mama alizifungua lulu na kuzisafisha. Jumanne akaanza kuzifunga. Jumatano kliniki ilijaa wagonjwa, akapiga simu kusema kwamba angechelewa.

"Maliza kazi ya shule kwanza, mwanangu, ndipo umalizie kidani cha Mama Cherehani. Zimebaki lulu ishirini. Usiharakishe mkono."

Chiriku alimaliza hesabu zake vizuri, akatandaza taulo, akafunga mafundo saba. La nane likakaa vibaya, akalifungua kwa sindano. Hapo rafiki zake wawili wakatokea dirishani na mpira wa pete.

"Chiriku, tumepungukiwa mtu mmoja."

"Nakuja. Dakika tano."

Mafundo kumi na matatu hayafungwi kwa dakika tano, na Chiriku alilijua hilo. Lakini sehemu iliyobaki ilikuwa ya nyuma, ile inayokaa kisogoni chini ya nywele. Nani angeinua nywele za Mama Cherehani kuhesabu mafundo? Akazitunga lulu zilizobaki bila fundo hata moja, akafunga uzi kwenye kulabu, akakata ncha, akakimbilia uwanjani. Walishinda, na mabao sita yalikuwa yake.

Mama alirudi amechoka. "Umefunga mafundo yote?"

"Yote, mama."

Mama alitazama sehemu ya mbele, akamsifu, akakiweka kidani kwenye kisanduku chake. Jioni hiyo Chiriku aliondoka mezani kabla ya wengine.

Alhamisi, saa kumi na moja jioni, Mama Cherehani alikuja na utepe wake wa kupimia shingoni kama kawaida. Alikifurahia kidani, kisha, kwa mazoea tu, akakipima. Akakipima tena.

"Jirani, samahani," alisema taratibu. "Shingo ya gauni langu nimeikata kwa kipimo cha kidani hiki. Kilikuwa sentimita arobaini na moja. Hapa naona thelathini na tisa na nusu."

Mama naye akapima. Ilikuwa kweli. Hakuna aliyetamka neno wizi, lakini kila mmoja alikuwa nalo kichwani.

"Tuzihesabu," mama alisema.

Wakahesabu mara mbili. Lulu zilikuwa arobaini na saba.

"Basi itakuwa ni uzi," mama alisema, akishusha pumzi. "Wa zamani ulikuwa umelegea kwa kuvaliwa. Huu mpya umekaza."

"Nisamehe," alisema Mama Cherehani kwa aibu. "Nimekuwazia vibaya."

"Hata mimi ningehesabu."

Chiriku angeweza kunyamaza. Sababu ilikuwa imepatikana, tena imetoka kwa mama, mtu asiyejua kusema uongo. Hilo ndilo lililomchoma. Mama alikuwa anamdanganya jirani yake bila kujua, kwa ajili ya mpira wa pete. Akaziona lulu za marehemu zikitawanyika ukumbini, chini ya viti vya watu.

"Si uzi," alisema. "Ni mimi. Nyuma hakuna mafundo. Kumi na matatu sikuyafunga, nilikwenda kucheza. Na nikakudanganya, mama."

Mama alikigeuza kidani, akapapasa sehemu ya nyuma kwa kidole. Hakufoka. Chiriku alitamani angefoka.

"Tangu ulipojua kusema nimekusikia ukisema maneno elfu," alisema Mama Cherehani, akivuta kiti. "Haya ya leo ndiyo yenye uzito."

"Kosa lako utalirekebisha kwa mikono yako," mama alisema. "Langu nalo nalikiri. Nimepokea kazi tatu, na wiki yangu inabeba mbili. Tena sikukagua." Akachukua mkasi. "Uzi huu hauungiki. Ni kuanza upya."

Chiriku alifunga, mama akakagua kila fundo kabla ya lulu iliyofuata. Rafiki zake walipokuja dirishani, aliwajibu bila kuinua macho, "Leo siji." Saa moja baba alifika na sufuria, akasimuliwa.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema, "kumbe hata kidani chake." Kisha akala amesimama jikoni, bila kunung'unika.

Kilipokamilika, Mama Cherehani alikipima. Sentimita arobaini na nusu.

"Hiyo nusu iliyopungua ndiyo ya uzi mpya," mama alisema.

"Nusu naisamehe."

Jumatatu, Chiriku akiwa na madaftari mezani na mama ndiyo kwanza ameingia, Mama Cherehani alibisha hodi. Alifungua leso juu ya meza. Kidani kilikuwa kimekatika.

"Mjukuu wa dada yangu alikivuta ukumbini. Tazameni kilipokatikia."

Kilikatikia nyuma, kisogoni.

"Zilidondoka ngapi?" Chiriku aliuliza.

"Moja. Iliniangukia mapajani." Akaiweka ile lulu kiganjani mwa Chiriku. Nyingine zote zilikuwa zimekaa kwenye uzi, kila moja na fundo lake.

"Umeona, mwanangu?" mama alisema. "Fundo lisiloonekana ndilo lililookoa lulu zote. Kazi ifanye vizuri hata pale ambapo hakuna atakayetazama. Na muda ukikukatalia, sema hujamaliza. Neno hilo halijamuua mtu."

"Basi utanifungia leo?" Mama Cherehani aliuliza.

Chiriku aliitazama lulu, akalitazama daftari lake.

"Leo sitamaliza, mama. Nina insha ya kesho. Nipe mpaka Jumatano."

Mama Cherehani akamgeukia mama, akingoja aseme yeye.

"Umemsikia fundi," mama alisema, akaenda kutafuta kopo la lulu.