Vizibo Chini ya Kitambaa

Kila siku Nyanchera alipotoka shule, hakuvua sare kwanza wala kutafuta chakula. Aliingia moja kwa moja sebuleni, akaweka mkoba sakafuni na kuinamia ubao wa drafti uliokuwa mezani. Alitaka kujua mama yake amesogeza kizibo gani alfajiri ile, na ameandika nini.

Ubao huo ulichongwa na kaka yake, Makori, aliyechora miraba yake kwa makaa. Kete zake zilikuwa vizibo vya soda. Vya Nyanchera vililala kifudifudi, vya mama vililala chali. Zamani Nyanchera alicheza na Makori mpaka wakagombana, wakapatana, wakagombana tena. Lakini Januari ya mwaka huo wa 1973 Makori aliingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni ng'ambo ya Kisii, naye Nyanchera, mwenye miaka kumi na mmoja, akabaki na ubao.

Nyumba yao ilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka soko la Ekerenyo, kati ya migomba na shamba dogo la chai. Baba yake, Mzee Ondieki, aliendesha trekta katika mashamba makubwa ya Kericho na alikuja nyumbani sikukuu kwa sikukuu. Nyanya yake, Bathsheba, aliishi nao, lakini masikio yake yalikuwa yamechoka. Ukimwambia habari ya shule, alikujibu habari ya kuku. Jua likizama tu, alikwenda kulala.

Na mama? Mama yake, Drusilla, alikuwa mkunga wa zahanati. Watu wa vijiji vyote vya karibu walimwita Sista. Aliondoka Nyanchera akiwa usingizini, akarudi Nyanchera akiwa usingizini. Watoto wa watu wengine walizaliwa mikononi mwake kila siku, lakini wake mwenyewe alimwona akiwa amejifunika blanketi. Nyanchera hakulalamika. Alijua kwamba mtoto anayezaliwa hangoji. Hata hivyo, upweke ulimkaa kifuani, na jioni zilikuwa ndefu kupita kiasi.

Wazo la drafti lilikuwa la mama. "Uache ubao mezani," alimwambia asubuhi moja ya Jumapili. "Mimi nitasogeza kizibo kimoja nikitoka, wewe usogeze kimoja ukirudi. Mchezo utakwenda polepole, lakini utakwenda."

Ukaenda kweli. Zaidi ya hapo, mama alianza kuacha karatasi chini ya ukingo wa ubao, na ndani yake maoni yake. Aliandika kwa Kiswahili, ingawa nyumbani walizungumza Ekegusii, ili mwanawe azoee kusoma. Mama alikuwa na maoni juu ya kila kitu, na hakuyatia sukari.

"Mchezo wa kwanza," aliandika, "umechukua siku kumi na tisa. Nimeshinda. Una pupa. Ukiona cha kula unakula, huangalii nani anakungoja nyuma."

Na tena: "Mchezo wa pili umenishinda. Sikuupenda hata kidogo."

Na tena: "Mchezo wa tatu ulijificha kwenye kona siku nne nzima. Drafti si kujificha. Toka tuonane."

Nyanchera alianza kumwandikia na michezo mingine aliyocheza shuleni, ili tu apate kujibiwa. Juu ya kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mama aliandika: "Mzuri kwa miguu, mbaya kwa gauni. Nani atalishona?" Juu ya mchezo wa vijiwe, ambao unarusha kimoja juu na kuzoa vingine, aliandika: "Huu naukubali. Unachezwa umekaa." Nyanchera alicheka peke yake mpaka Nyanya Bathsheba akauliza ni kuku gani ametaga.

Karatasi zote alizihifadhi ndani ya Biblia yake. Wakati mwingine alizisoma upya, kwa sauti, akiiga sauti ya mama. Hapo nyumba ilionekana kuwa na watu.

Siku moja tu katika wiki ubao haukuguswa. Familia yao ilikuwa ya Wasabato. Ijumaa jua likikaribia kuzama, Nyanya Bathsheba alitandaza kitambaa cheupe cha kufumwa juu ya ubao, na kitambaa hicho hakikuondolewa mpaka Sabato ipite. Mchezo ni mchezo, alisema, na siku ya Bwana ni siku ya Bwana. Mama alikwenda kazini hata siku hiyo, kwa kuwa uchungu wa uzazi haujui Sabato, na wazee wa kanisa walimruhusu. Kwa hiyo Nyanchera alikwenda kanisani na nyanya yake, akarudi, akakaa. Hakukuwa na mchezo, hakukuwa na karatasi, hakukuwa na mama. Hiyo ndiyo siku aliyoiogopa.

Ijumaa moja ya mwezi wa Juni alikuta ujumbe mrefu kuliko kawaida.

"Mchezo wa nne," mama aliandika, "unakaribia kwisha. Umebaki na vizibo vitatu, nami nina saba. Nadhani Jumatatu nitakumaliza. Baada ya huu tupumzike mpaka shule zifungwe, mwanangu. Mkunga mwenzangu amekwenda likizo ya kujifungua, nami nimebaki peke yangu. Nikiamka kichwa hakina nafasi hata ya kizibo kimoja."

Nyanchera alisoma ujumbe huo mara tatu. Shule zingefungwa Agosti. Alihesabu wiki kwa vidole, kisha akaacha, kwa maana zilikuwa nyingi.

Kesho yake, Sabato, waliporudi kutoka kanisani, Nyanya Bathsheba alijilaza, akaanza kukoroma. Nyanchera alisimama mbele ya meza. Aliinua pembe ya kitambaa, akachukua kizibo chake kimoja kati ya vile vilivyokwisha kuliwa, akakirudisha ubaoni pembeni. Akashusha kitambaa, akakinyoosha vizuri. Hakutaka kushinda. Alitaka mchezo usiishe.

Jumapili alfajiri mama alisogeza kizibo chake kama kawaida, akaandika: "Nilidhani una vitatu. Kumbe vinne. Umejikinga vizuri." Nyanchera alifurahi, lakini karatasi hiyo hakuisoma kwa sauti.

Sabato ya pili alirudisha viwili, kimoja chake na kimoja cha mama, ili pande zote ziwe na nguvu. Maoni yaliyofuata yalikuwa mafupi: "Leo sina la kusema. Kichwa kinaniuma." Sabato ya tatu alirudisha viwili tena, vilevile kimoja kila upande. Jumapili alipoamka, alikimbilia mezani. Hakuna kizibo kilichosogezwa. Hakuna karatasi. Kikapu cha chakula cha mama kilikuwa bado juu ya kiti.

"Amesahau chakula chake," Nyanya Bathsheba alisema. "Ameangalia hiyo meza yenu weee, kisha akatoka bila hata kuniaga. Mpelekee, mjukuu wangu, asije akazirai mbele ya wagonjwa."

Nyanchera alibeba kikapu chenye ugali wa wimbi, mboga za chinsaga na chupa ya maziwa, akashika njia. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na udongo mwekundu ulimvuta miguu. Alipofika zahanati, alikuta mlango wa ofisi uko wazi kidogo. Sauti ya mama yake ilitoka ndani. Aliweka mkono mlangoni abishe, lakini mkono ukakwama.

"Daktari, nakuomba uiandikie wilaya barua," mama alikuwa akisema. "Nitolewe chumba cha kujifungulia. Nipewe kazi ya kupima watoto na kugawa dawa ya minyoo."

"Sista, umepatwa na nini?" aliuliza Nyangau, tabibu wa zahanati. "Kutoka hapa mpaka mjini hakuna mkunga mwingine!"

"Heri asiwepo kuliko awepo asiyejua kuhesabu. Unajua kazi yetu. Kabla mama hajajifungua nahesabu vipande vya shashi vya kupangusia damu. Akishajifungua nahesabu tena. Kimoja kikisahauliwa ndani ya mwili, mama anaoza na kufa. Sasa tazama. Nina mchezo na binti yangu, nao naubeba kichwani njia nzima. Ijumaa naacha vizibo kadhaa. Jumapili navikuta vimezidi. Mara ya kwanza nilijicheka. Ya pili nikaogopa. Leo ni mara ya tatu."

"Huenda mtoto amevigusa."

"Ubao unakuwa chini ya kitambaa, Daktari. Ni Sabato! Nyumbani kwangu hakuna mkono unaoingia chini ya kitambaa kile. Si kitambaa kilichokosea. Ni kichwa changu."

Nyanchera alihisi kikapu kimekuwa kizito ghafla. Hakuwahi kumsikia mama yake akizungumza hivyo. Mama, aliyekuwa na maoni juu ya kila kitu, sasa aliogopa maoni yake mwenyewe.

Wakati huohuo wanaume wanne waliingia uani wakiwa wamebeba machela ya miti. Juu yake alilala mwanamke kijana aliyeng'ata kanga yake kwa uchungu. "Sista!" mmoja aliita. "Sista yuko wapi? Maji yameshavunjika!"

Mama alitoka mlangoni, akampita Nyanchera bila kumwona. Alimtazama yule mwanamke, akaitazama mikono yake mwenyewe, akarudi nyuma hatua moja. "Mpelekeni Kisii," alisema kwa sauti ndogo.

"Kwa barabara hii?" Nyangau alifoka. "Hata lori la majani chai halijapita tangu jana! Atajifungulia njiani!"

Nyanchera alitaka kukimbia. Miguu ilikuwa tayari. Badala yake alisikia sauti yake ikitoka, kali kuliko alivyotarajia.

"Mama, ni mimi!"

Mama aligeuka.

"Ni mimi niliyeviongeza vizibo. Kichwa chako hakina kosa, Mama. Niliinua kitambaa."

"Sabato?" mama aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Vyangu vingapi, vyako vingapi? Usinidanganye sasa."

"Vyangu vitatu. Vyako viwili. Jumla vitano."

Mama alifumba macho. Midomo yake ilicheza kidogo, kama mtu anayehesabu. Alipoyafumbua, hofu ilikuwa imeondoka usoni mwake, na hasira imekuja kuchukua nafasi yake. "Vitano," alisema. "Nami nilihesabu vitano." Alikunja mikono ya gauni lake. "Mwingizeni ndani. Daktari, maji ya moto! Na wewe, Nyanchera, kaa kwenye lile benchi. Usiondoke."

Nyanchera alikaa. Jua lilipanda, likaanza kuteremka. Alilia, akapangusa machozi, akalia tena. Chakula kilipoa kikapuni. Mwishowe, kutoka chumba cha ndani, mtoto alipiga kelele, na wale wanaume wanne wakapeana mikono.

Mama alitoka, akanawa, akaketi kando yake. Akavuta kikapu, akaanza kula.

"Nilihesabu shashi mara mbili," alisema hatimaye. "Zote zilitimia. Lakini nusura nimfukuze mwanamke yule mlangoni. Unaelewa?"

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Kwa nini ulifanya hivyo? Hukuwa hata unashinda."

Nyanchera alitazama chini. "Uliandika kwamba mchezo ukiisha tutapumzika. Mama, mimi tayari niko peke yangu. Mchezo ukiisha, nitabaki na nani?"

Mama aliacha kula. Macho yake yalijaa machozi, na hakuyaficha. "Mbona hukuniambia hivyo? Hata kwa karatasi?"

"Una kazi nyingi."

"Ninazo. Na huenda ningekujibu siwezi, nawe ungeumia. Lakini tungeumia wote wawili tukijua ukweli uko wapi. Nisikilize, mwanangu. Ulidhani unadanganya ubao. Mtu anayekuamini, ukimdanganya, hakushuku wewe. Anajishuku mwenyewe. Anaacha kuyaamini macho yake na akili yake, na wengine wanaomtegemea wanaumia pamoja naye. Ukiwa na shida, itamke. Usiifunike."

"Sitarudia, Mama."

"Habari ya Sabato utamweleza nyanya yako wewe mwenyewe. Na useme kwa sauti kubwa, asije akafikiri ni habari ya kuku." Nyanchera alitaka kucheka, akashindwa. Mama akamshika bega. "Na mimi nina kosa langu. Nilikuachia karatasi nikadhani nimekuachia mama. Kuanzia kesho, ukitoka shule, njoo hapa. Utafanya hesabu zako kwenye benchi hili. Nikipata nafasi nitakaa nawe. Nisipoipata, utanisikia nikigombeza watu, na hata giza likitukuta, tutarudi nyumbani pamoja."

Jioni ile Nyangau alimwambia mama aende mapema. Walitembea wakiwa wameshikana mikono kwa sababu ya utelezi. Nyumbani, Nyanchera alimweleza Nyanya Bathsheba kila kitu, kwa sauti kubwa, na nyanya akamkaripia kwa sauti kubwa zaidi. Kisha Nyanchera alisogea mezani na kuondoa kimoja kimoja vizibo vitano alivyoviongeza.

Mama aliketi upande wa pili. Kwa mara ya kwanza tangu waanze michezo yao, walicheza wakitazamana. Haukuchukua muda. Mama alikula kizibo kimoja, kisha cha pili, kisha cha mwisho. Nyanchera aliutazama ubao ambao haukuwa na kizibo chake hata kimoja, na machozi yakamtoka.

"Umekwisha," alisema.

"Umekwisha," mama alikubali. "Nami bado nimekaa hapa. Haya, niambie habari za shule."