Nilichezaka Filme

Kitu cha kwanza alichokiona Merveille ni kwamba Kimutai hakuvua viatu. Siku zote mchumba wake alivivua mlangoni. Leo aliingia navyo mpaka kwenye zulia, simu mkononi.

"Merveille, uliniambia nini kuhusu Houston?"

"Nilikuambia nilichezaka filme. Mara mbili, mbele ya kuhamia huku Lewisville."

"Filme! Mimi nikajua ni maigizo! Nikamwambia pasta kule Arlington, wakakufanya kiongozi wa mchezo wa Pasaka!"

"Si nilikataa? Ukasema ninaona haya tu."

Kimutai akamwonyesha ujumbe wa dadake, Chepngetich:

"Kuna mtu wa kanisani ameiona video yake kwenye tovuti ya ngono. Ni yeye kabisa. Kimutai, huyo ni malaya. Mama anatua kesho kwa ajili ya harusi. Nimwambie nini?"

Merveille alilisoma lile neno, akalirudia.

"Na huyo mtu wa kanisani," aliuliza taratibu, "alikuwa anatafuta nini humo?"

"Usinichekeshe, nimekasirika!"

"Mimi si malaya."

"Tofauti iko wapi? Ulilala na mtu, ukalipwa."

"Malaya analipwa na yule analala naye. Yule mwanaume hakunilipa kitu. Naye alilipwa."

"Basi mko wawili!"

"Kulikuwa na watu wa taa, Kimutai. Kulikuwa na mama wa kunipaka poda. Ilikuwa kazi."

"Na wale wanaosimama barabarani wanasema wako wapi? Si kazini?"

Swali hilo Merveille alikuwa amejiuliza mara nyingi akifunga maboksi kule ghalani anakofanya kazi. Kuna siku aliiona tofauti wazi kabisa. Kuna siku aliitafuta asiione.

Kimutai akaketi. Sauti yake ikalainika.

"Sikia, mpenzi. Walikudanganya, sivyo? Ulikuwa mgeni, Kiingereza hujui, wakakwambia ni tangazo la nguo. Sema hivyo tu. Mama atalia, atakukumbatia, na harusi itaendelea."

Kabla hajajibiwa alishampigia dadake simu, akaweka sauti kubwa.

"Wifi," Chepngetich aliita, "niambie ukweli. Walikudanganya?"

Lilihitajika neno moja tu. Zamani, hata Fortunée, rafiki yake wa Houston, aliposema, "Maskini, walikuonea," Merveille alimwacha aamini hivyo.

"Hapana, wifi. Niliuliza, wakanieleza yote, nikakubali. Kama huo ni umalaya, mimi sijui. Lakini nilikubali mwenyewe."

"Eh! Kimutai, umesikia?"

"Nimesikia. Mama aje. Nitamweleza mimi."

"Utamweleza nini?"

"Sijui, Chepngetich! Sijui!"

Akakata simu, akamgeukia Merveille. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni.

"Nimekufungulia mlango, ukakataa kutoka. Kwa nini hukusema ndiyo tu?"

Merveille aliinamisha kichwa. Tangu wachumbiane, Kimutai ndiye aliyekuwa akisema maneno ya mapenzi. Yeye alitabasamu tu, akaangalia pembeni. Sasa aliinua uso.

"Kwa sababu ungeoa mwingine, yule wa kudanganywa," alisema. "Na mimi ndiye ninakupenda."