Pale Mistari Inapokutana

Haya yalimpata shemeji yangu, mume wa dada. Sitii chumvi, kamera yake ninayo mimi.

Shemeji alikuwa mpiga picha za nje, na kazi hiyo alifundishwa na mwanamke tuliyemwita Mama Mistari. Wimbo wake ulikuwa mmoja: "Tafuta mstari kwanza. Barabara, ua, reli, chochote. Mstari ndio unaomshika mtazamaji mkono ukampeleka unakotaka."

Siku moja walikwenda kupiga picha ukuta wa bwawa. Shemeji akarudi peke yake. Mama ameteleza akatumbukia majini, alisema. Mwezi uliofuata alishinda tuzo kwa picha ya reli mbili zinazokutana kwenye ukungu. Dada aliijua picha ile. Ilikuwa ya marehemu. Akanyamaza.

Asubuhi moja ya jua zuri, Shemeji alipiga picha barabara inayopita kati ya miti, akaifungua kwenye kompyuta huku anakunywa chai. Kule mwisho, pale kingo za barabara zinapobanana, kulikuwa na doa. Akalifuta.

Kesho yake akapiga ua wa shule. Doa lilikuwa mwisho wa ua. Sasa lilikuwa na mabega.

"Lenzi chafu," alimwambia dada.

Akaisafisha. Akapiga ngazi. Akapiga mtaro, akapiga nguzo za umeme. Kila mstari ulimpeleka kwa mtu yule yule, na kila picha mtu huyo alikuwa amesogea karibu zaidi. Mwanamke. Nguo zimemganda mwilini. Zinachuruzika maji.

Hapo ndipo Shemeji alipomshika dada mkono, akanong'ona, "Nilimwambia arudi nyuma hatua moja. Eti nipate mstari vizuri."

"Ulijua ukingo uko wapi?"

"Nilijua."

Dada akautoa mkono wake. "Nenda ukamwombe radhi."

Mimi ndiye niliyempeleka bwawani. Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi. Nilibaki getini, yeye akatembea juu ya ukuta, kamera shingoni. Katikati akasimama. Akaiinua machoni, akaielekeza ng'ambo, ambako hakukuwa na mtu.

Akarudi nyuma hatua moja.

"Shemeji!"

Hakugeuka. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, taratibu, kama mwanafunzi anayeelekezwa. Hatua nyingine. Nikakimbia. Nyingine.

Sikusikia hata akipiga kelele.

Walimtoa majini jioni, kamera ingali shingoni. Kadi ya picha bado ilisomeka. Ilikuwa na picha moja tu: ukuta wa bwawa, kingo zake zikienda zikibanana, na pale zinapokutana, Shemeji, mdogo kama kidole, kamera machoni. Imepigwa kutoka ng'ambo.

Dada hakutaka kuiona kamera ile. Nikaipeleka kwa fundi. Aliifungua lenzi, akanisukumia mezani bila kunitazama.

Kwenye kioo kuna alama ya dole gumba. Iko upande wa ndani. Fundi aliifuta mara tatu mbele yangu, na kila mara ilirudi, mbichi, ina maji.