Mjomba Haki Yangu na Kidude cha Kupuliza

Kila asubuhi Chiriku aliteka maji, akayapeleka bafuni, akarudi chumbani kuchukua sabuni. Na kila asubuhi, akirudi, alikuta mlango wa bafu umefungwa na mjomba wake yumo ndani anaimba kwa sauti ya debe lililopasuka.

"Mjomba, hayo maji yangu! Nitachelewa shule!"

"Mimi ndiye mkubwa, kuoga kwanza ni haki yangu!" mjomba alijibu, akajimwagia kopo jingine.

Huyo ndiye mjomba. Kiti kinachotazama televisheni kilikuwa haki yake. Mnofu mkubwa chunguni, haki yake. Hata kukoroma hadi kuta zikatetemeka ilikuwa haki yake. Majirani wakambandika jina la Haki Yangu. Naye, kwa kuwa akili yake haikuwa na haraka, alidhani wanamsifu.

Lakini haki aliyoipenda kuliko zote ilikuwa usukani. Aliendesha gari la kusambaza mikate. Leseni yake aliivisha mfuko wa plastiki, akaichomeka kwenye mfuko wa shati picha ikitazama nje, ungedhani ni nishani aliyovishwa vitani.

"Mdogo wangu," mama yake Chiriku alimwambia asubuhi moja, mguu ukikanyaga cherehani, maana alikuwa mshonaji, "nasikia siku hizi unakunywa ukiwa kazini."

"Dada, nalowesha koo tu. Halafu kuendesha gari ni haki yangu. Sikuzaliwa na mikono mimi?"

"Hata nyani ana mikono," mama alisema bila kuinua macho.

Mchana wa siku hiyo, shule ilipotoka, gari la mikate lilikuwa limesimama getini, gurudumu moja juu ya ukingo wa barabara. Chiriku aliruka ndani kwa furaha. Yeye aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, lakini siku hiyo alipovuta pumzi ya kwanza ndani ya gari, maneno yote yalimkauka. Mjomba alinuka kama pipa la pombe lililoangukiwa na gunia la peremende. Mashavu yalimvimba kwa peremende, na pakiti nzima ilikuwa mbele ya kioo.

"Umelowesha koo, mjomba?"

"Kidogo sana. Funga mkanda."

Wakaondoka. Kwenye kona ya fundi viatu, gari lilipanda njia ya waenda kwa miguu, likaligonga pipa la taka, likashuka tena. Fundi alirukia ndani ya kibanda chake, kiatu cha mtu mkononi.

"Nani kaliweka pipa barabarani?" mjomba alifoka.

"Halikuwa barabarani, mjomba. Sisi ndio tuliokuwa juu ya..."

"Kimya! Dereva ni nani hapa?"

Chiriku alishika kiti kwa mikono miwili. Akanyamaza, na kwake kunyamaza ilikuwa kazi ngumu kuliko hesabu za sehemu.

Mbele, karibu na kivuko cha shule ya chekechea, barabara ilikuwa imepangwa koni nyekundu. Polisi. Mjomba aliyekuwa simba kwa pipa la taka akageuka ghafla kuwa panya.

"Chiriku, mwanangu, mpenzi wa mjomba," alinong'ona. "Shika tumbo. Wakiuliza, sema linakuuma, nakukimbiza hospitali."

"Lakini haliniumi."

"Litauma! Wakininyang'anya leseni, kazi imekwisha. Unataka mama yako alale njaa? Useme ni wewe uliyetufikisha huko?"

Chiriku akamwaza mama yake. Akashika tumbo.

Askari aliyesogea dirishani alikuwa mwanamke mnene, kofia imeinama, macho hayakosi kitu.

"Habari za mchana. Huyu binti ana nini?"

"Tumbo, afande! Anakufa huyu!" mjomba alisema, akipulizia maneno upande wa pili.

Askari alimtazama Chiriku, ambaye uso wake ulijaa jasho. Jasho lilikuwa la kweli, la woga. "Maskini. Haya, mpeleke upesi. Wenzangu, koni hizo, zisogezeni!"

Uongo ulikuwa umefaulu. Mjomba akatabasamu, akavuta gia, nayo ikalia kama mtu anayesaga mawe. Akaipapasa tena. Mbele, mlinzi wa kivuko alikuwa amewasimamisha watoto wa chekechea ukingoni. Walikuwa wameshikana mikono, na mmoja amevaa mkoba mgongoni mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Walisubiri gari lipite. Chiriku alikumbuka pipa la taka, namna lilivyobiringika.

"Siumwi!" alipiga kelele. "Afande, siumwi! Nimeambiwa niseme! Mjomba amelewa, tumegonga pipa, usituache tuondoke!"

Askari aliingiza mkono dirishani, akazima gari, akachomoa ufunguo. "Shuka, bwana mkubwa."

Alimpa kidude cha kupima pombe. Mjomba akavuta.

"Nimesema puliza. Hii si sigara."

Mjomba akapuliza kidogo, midomo imechongoka.

"Wala si chai ya moto. Puliza!"

Alipopuliza vizuri, kidude kililia mpaka watoto wa chekechea wakacheka.

"Kibovu!" mjomba alipaza sauti. "Kimedanganywa na peremende! Mpe mtoto apime uone!"

"Wazo zuri," askari alisema. Akabadilisha kimrija. "Binti, kula peremende za mjomba wako, upulize."

Chiriku akatafuna mbili, akapuliza kwa pumzi zote alizokuwa amezibana tangu getini. Kidude kilikaa kimya kabisa.

"Kidude kizima," askari alisema. "Mbovu ninaye hapa."

"Mnanionea! Kuendesha ni haki yangu!"

Askari alimchomolea ile nishani yake ya leseni kifuani, akaitia mfukoni mwake pamoja na ufunguo. "Hiyo utamwambia hakimu."

Hakimu aliambiwa, wala hakutetemeka. Alimtoza mjomba faini, akamfungia leseni mwaka mzima, akamwahidi jela akikamatwa tena. Mwenye kiwanda cha mikate akampa kazi mpya ya kusugua trei. Siku hizi mjomba huenda kazini kwa miguu, akinung'unika njia nzima, na fundi viatu humuuliza kwa adabu iwapo soli zake bado zina leseni.

Chiriku hakucheka. Siku ile ya hukumu alikaa karibu na cherehani, akakunja na kukunjua kipande cha kitambaa.

"Mama, mimi ndiye niliyemponza. Tukikosa chakula je?"

Mama alisimamisha cherehani. "Nyumba hii inalishwa na sindano hii. Mjomba wako huisindikiza tu. Na hukumponza. Amejiponza mwenyewe, akataka kujificha nyuma ya tumbo lako." Akamwinua kidevu. "Sikiliza, mwanangu. Leseni ni ruhusa. Mtu hupewa kwa sababu wengine wamemwamini, na akiiharibu imani hiyo hunyang'anywa. Mwenye haki barabarani ni yule mtoto wa mkoba mkubwa uliyenisimulia. Ana haki ya kufika upande wa pili akiwa mzima. Wewe umeisema kweli ingawa uliogopa, na yeye amefika."

Asubuhi iliyofuata Chiriku aliteka maji, akayapeleka bafuni. Aliporudi na sabuni, mjomba alikuwa mlangoni na taulo shingoni, mguu mmoja ndani.

"Mjomba," Chiriku alisema, "umeomba ruhusa?"

"Ni haki ya..." mjomba alianza. Sebuleni cherehani ilinyamaza, kana kwamba nayo inasubiri jibu. Mjomba akautoa mguu wake taratibu, akasimama pembeni, akamwachia njia.