Fremu ya Mzee Hezekia

Basi la Dar lilipoingia stendi ya Lushoto, watu walilivamia kama vile limebeba sukari ya bure. Hawakuja kupokea wageni. Walifuata mizigo yao waliyoagiza kwa simu, vifurushi vya nailoni nyeusi vilivyozungushiwa solotepu, kila kimoja kikiwa na jina na namba. Kijana mmoja mrefu, mwenye jaketi la bluu lililopauka mabegani, alipanda juu ya kreti na kuanza kuita majina kwa sauti ya mnada.

Dorkasi alisimama pembeni akikunja mikono ndani ya sweta lake jekundu, sketi yake ya kitenge ikipigwapiga na upepo wa baridi. Alisukumwa huku na kule hadi akakasirika.

"Na wewe, dada wa sweta jekundu!" kijana aliita. "Jina?"

"Mimi sina kifurushi. Nina gunia."

"Gunia la nini?"

"La viatu. Duka la Mzee Hezekia."

Kijana akamtazama, akatabasamu. "Kumbe bado kuna watu wanauza viatu dukani?"

"Kumbe bado kuna watu hawana adabu?"

Umati mzima ukaangua kicheko. Kijana alishuka, akalitafuta gunia chini ya mizigo mingine, akalitupia begani mwake mwenyewe. Alipandisha nalo ile barabara ya madukani bila kuambiwa, Dorkasi akimfuata nyuma huku akijilazimisha kununa. Jina lake lilikuwa Mika.

Kesho yake Mika alikuja dukani kununua kamba za viatu. Keshokutwa akaja kununua dawa ya viatu. Siku iliyofuata akaja kununua kamba tena.

"Shikamoo baba," alisema kwa heshima zote.

"Marahaba," alijibu Mzee Hezekia kutoka kwenye kiti chake cha kamba. Mika alipoondoka, mzee akamgeukia binti yake. "Hivi huyu kijana ana miguu mingapi?"

Dorkasi alijifanya anapanga maboksi. Masikio yalikuwa yanamwaka moto.

Hivyo ndivyo walivyopendana. Jumapili baada ya ibada walipanda pamoja kuelekea Magamba, wakila plamu na kutupa kokwa porini, ukungu ukiwafunika hadi wakawa hawaoni barabara. Mika hakuwa Mshambaa. Wazazi wake walitoka Njombe kuja kuchuma chai, baba akafia huku, na mama yake, Jenoveva, alikuwa bado anachuma kule Mponde na mgongo wake mbovu. Dorkasi alimfundisha kuwasalimia wazee Kishambaa. Kila alipojaribu, alivuruga lafudhi makusudi ili amwone akicheka.

"Bwana Vifurushi," Dorkasi alimwambia kwenye simu jioni moja, "umekula?"

"Nitakulaje na sijasikia sauti ya Mama Viatu?"

"Nenda zako! Umewaambia wangapi maneno hayo leo?"

"Wewe tu, mpenzi. Wengine nawaambia waje na kitambulisho."

Lakini mambo dukani hayakuwa ya kuchekesha. Wateja waliingia, ila hawakuja kununua. Mwalimu Sesilia alikuja na gauni lake la drafti, akajaribisha kiatu cheusi cha kisigino kifupi, akatembea nacho kutoka kaunta hadi mlangoni, akajitazama kwenye kioo.

"Baba, hii ni namba ngapi?"

"Thelathini na tisa, mwalimu. Kimekukaa vizuri."

"Asante baba." Akakipiga picha kwa simu, akakirudisha kwenye boksi, akatoka.

Haikupita wiki, mwalimu akapita mbele ya duka amevaa viatu vilevile, vipya. Alimwamkia mzee kwa sauti kubwa kama kawaida. Mzee Hezekia akaitikia marahaba, kisha akainama kufuta vumbi kwenye rafu iliyokuwa safi. Kanisani nako alianza kutazama chini. Dorkasi alidhani anasali, hadi alipoyafuata macho yake akaona anatazama miguu ya waumini, benchi kwa benchi.

"Mzigo wa Mwalimu Sesilia ulimpa wewe?" Dorkasi alimuuliza Mika.

"Dori, mimi nagawa tu. Nisipogawa mimi atagawa mwingine."

"Najua. Nimeuliza tu."

Duka la redio lilifunga. La vitabu vya shule na madaftari likafuata. Na ndipo kampuni moja ya Dar inayouza bidhaa mtandaoni ikamteua Mika awe wakala wake Lushoto, mshahara wa uhakika, ila walitaka fremu, chumba cha duka, barabarani. Mika alikuja mbio kumpa mpenzi wake habari.

"Nitachukua ile ya redio. Tutakuwa majirani! Asubuhi unanipitishia chai."

"Chai yako utapika mwenyewe," Dorkasi alisema, lakini alimkumbatia mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mwenye fremu zote za upande ule alikuwa Bwana Alen, mtu mnene, mpole wa maneno, mwenye kofia ya pama. Alikuja dukani asubuhi moja yenye manyunyu, akakaa, akaulizia afya ya mzee, sukari inasemaje. Kisha akasema mkataba ukiisha mwezi ule hatauhuisha. Amepata mpangaji, kampuni ya Dar, anayelipa mwaka mzima mkupuo mmoja. Wameikataa fremu ya redio kwa kuwa ni ndogo na gari la mizigo halifiki mlangoni.

Mzee Hezekia alivua miwani. "Alen, nimeingia humu Dorkasi hajazaliwa."

"Najua, kaka. Na mimi nina watoto chuoni."

Dorkasi alitoka nje kwenye manyunyu, akapiga simu.

"Mama Viatu wangu—"

"Mika, ulijua?"

"Dori, subiri kwanza—"

"Nimekuuliza, ulijua kama wanachukua fremu ya baba?"

"Nilijua wiki iliyopita. Dori, nisikilize, nilitaka kwanza niongee na—"

"Wiki nzima! Jana umekuja hapa, umekunywa chai yetu, umemwambia baba shikamoo. Macho makavu!"

"Sikuichagua mimi!"

"Nani mwingine anaijua Lushoto huko kwenye kampuni yenu? Umeipenda tangu siku uliyobeba gunia. Ulikuwa unapima tu."

Alikata simu, akaifungia namba yake. Mika alikuja mara mbili, na mara zote mbili Dorkasi aliingia stoo na kumwacha baba yake aseme hayupo. Mara ya pili mzee alisema, "Yupo, ila hataki kukuona," kwa sababu hakuzoea uongo.

Siku ya kuhama, Mzee Hezekia alikataa kukaa. Alishika upande mmoja wa rafu ya mninga aliyoichonga mwenyewe, na pale kwenye ngazi ya mlango ikamponyoka ikamwangukia kidole gumba. Akasema si kitu. Jioni Dorkasi alipomvua soksi, damu ilikuwa imegandamana na uzi. Kwa mwenye kisukari kidonda hakina subira. Kilinuka, kikapanda, na mwisho wake madaktari walimkata vidole vitatu vya mguu wa kulia.

Dorkasi alimuuguza baba yake. Aliuza viatu vilivyobaki kwa bei ya hasara, chini, juu ya turubai, siku za gulio. Hapo gulioni ndipo Bwana Alen alipomfuata, kofia mkononi.

"Binti yangu, kuna jambo linanisumbua. Yule kijana wako alikuja kwangu kunisihi. Akanipigia magoti, mtu mzima. Akawaambia na wakubwa zake watafute fremu nyingine. Wakamjibu, kama hutaki, tunaye mwingine anayeitaka kazi. Mimi ndiye niliyekataa. Usimbebeshe yeye."

Dorkasi aliendelea kupanga raba kwa jozi. "Asante kwa kuniambia, baba." Kuanzia hapo hakuweza tena kumchukia Mika, na hilo lilimuuma zaidi, maana chuki ndiyo iliyokuwa inamsimamisha wima.

Daktari alisema mzee atatembea tena, ila kwa viatu maalumu, vipana mbele, vyenye soli laini. Dorkasi alizunguka mji mzima. Maduka ya viatu yalikuwa yamekwisha. Alishuka hadi Mombo, akarudi mikono mitupu. Mwisho alikaa jikoni, akapima nyayo za baba yake kwa rula, akaagiza kwa simu. Ujumbe ulimjia siku chache baadaye: mzigo wako umefika, chukua kwa wakala wetu Lushoto.

Alivaa gauni lake la kijivu la kanisani na kilemba cheusi, kama mtu anayekwenda msibani. Fremu ilikuwa imepakwa rangi ya kijani. Ndani kulikuwa na rafu za chuma hadi darini, zimejaa nailoni nyeusi. Mika alikuwa nyuma ya kaunta, fulana ya kampuni ikimpwaya. Alikuwa amekonda.

"Dori."

"Nimefuata mzigo."

"Najua. Nimeliona jina." Aliutoa chini ya kaunta, alikuwa ameuweka peke yake. "Baba anaendeleaje?"

"Anasimama."

"Nilikuja hospitali. Nilifika getini, miguu ikakataa."

"Bwana Alen kaniambia yote, Mika. Nilikuhukumu vibaya. Nisamehe."

"Nilitakiwa nikwambie siku ileile. Niliogopa kukupoteza, nikakupoteza." Akazunguka kaunta, akasimama mbele yake. "Kazi hii nitaiacha. Ukisema leo, naacha leo. Tuoane, Dori. Nimeshamwambia mama. Nitamtunza baba kama wangu."

Dorkasi alimtazama yule mtu aliyempenda. Alitaka kuegemea kwenye kile kifua hata kwa dakika moja.

"Ukiacha kazi, mama yako uliyempumzisha kwa mshahara huu atarudi kuchuma chai na ule mgongo. Na siku tutakayolala njaa utanitazama, hutasema kitu, na mimi nitakisikia." Akashusha pumzi. "Niambie kweli. Unaniomba nikubali kuolewa, au unaniomba nikupunguzie mzigo wa lawama?"

"Nakupenda."

"Na mimi nakupenda. Sijakuuliza hilo."

Mika aliutafuta ukweli, Dorkasi alimwona akiutafuta usoni, na muda ulikuwa unakwenda. Mlangoni akatokea mama mmoja na mtoto mgongoni, akinyoosha simu.

"Kaka, jina ni Tabitha. Wamesema umefika."

Mika aligeuka. Aligeuka kwa mazoea tu, mkono ukaenda rafuni kabla kichwa hakijaamua. Aliporudisha macho, aliona kwenye uso wa Dorkasi kwamba amekwisha jibiwa.

"Mhudumie mteja," Dorkasi alisema taratibu. "Msalimie mama Mponde." Akaukumbatia mzigo wa baba yake, akatoka, akashika barabara ya Magamba kwenye manyunyu bila kufungua mwavuli.

Nyumbani alipiga magoti mbele ya kiti cha mzee, akachana nailoni. Viatu vilikuwa vyeusi, vyepesi, vimeshonwa vizuri. Akamvisha cha kushoto, kisha kile cha kulia, taratibu, akisubiri kiatu kiguse pale palipokatwa, mzee ajikunje. Hakujikunja. Mzee Hezekia alisimama, akashika ukuta, akauachia. Akatembea hadi dirishani, akageuka, akarudi, macho yake yakitazama chini.

"Vimekukaaje, baba?"

Mzee alirudi kitini. Akainama, akabonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba cha mkono, kama alivyowabonyezea wateja maisha yake yote.

"Vizuri," alisema. "Vizuri sana, mwanangu. Hakuna hata siku moja niliyouza kiatu kizuri hivi."

Ndipo Dorkasi, ambaye hakulia siku ya kuhama wala siku ya kukatwa vidole, akaweka kichwa chake juu ya magoti ya baba yake, akalia.